Dakika 30 au Kipimo cha Tisa? Mtoto na Mazoezi ya Piano Nyumbani

Karibu kila mzazi wa Kampala anayemwita mwalimu wa muziki nyumbani huuliza swali moja kabla hata ada haijakubaliwa: mtoto afanye mazoezi dakika ngapi kwa siku? Wengi wetu tumezoea kujibu dakika 30, tukamwachia mzazi daftari la kutia saini kila jioni, na mambo yakaishia hapo. Wapo walimu waliolitupa daftari hilo, ambao humpa mwanafunzi kazi badala ya muda: vipimo vinne hivi, yaani vipande vidogo vya wimbo vinavyotenganishwa kwa mistari ya wima, vipigwe mara tatu mfululizo bila kosa, kisha funga piano ukacheze, hata kama zimepita dakika nane tu. Nimefundisha kwa njia zote mbili, na ingawa nimekwisha kuegemea upande wa kazi, hoja za wenye saa, wanaohesabu dakika, si za kupuuzwa.

Mwanafunzi wangu mmoja wa Ntinda, mvulana wa miaka 10, alikuwa na daftari lisilo na doa. Saini ya mama yake ilikuwapo kila siku, lakini wimbo aliokuwa akijifunza ulikuwa umeingia wiki ya tatu bila kusogea. Siku moja niliwahi kufika, nikakaa sebuleni nikimsikiliza kabla hajajua kwamba nipo. Alianza mwanzo, akateleza katika kipimo cha tisa, pale kidole gumba cha mkono wa kushoto kinapotakiwa kupita chini ya kidole cha kati, akarudi mwanzo, akateleza palepale, akarudi tena. Kipimo cha kwanza, ambacho hakikuwa na tatizo lolote, alikipiga vizuri kila mara, na cha tisa akakikosea kila mara. Kwa maneno mengine, alikuwa akilizoeza kosa lenyewe. Nilichukua gazeti nikaufunika ukurasa wote isipokuwa kipimo cha nane hadi cha kumi, nikamwomba apige mkono wa kushoto peke yake, polepole kiasi cha kuchosha. Dakika sita zilitosha.

Utafiti nao umeliona jambo hili. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin waliwapa wanafunzi 17 wa piano wa ngazi ya juu kifungu kifupi cha kujifunza, kisha wakawapima siku iliyofuata. Si muda walioutumia wala idadi ya marudio iliyoamua nani angepiga vizuri. Waliotangulia ni wale waliolikamata kosa mara lilipotokea, wakapunguza mwendo na kulirekebisha kabla ya kuendelea. Wapigaji wa amadinda wa Buganda wasingeshangaa. Ala hiyo ya mbao 12 zilizolazwa juu ya migomba hupigwa na watu watatu: omunazi hushika mkondo wake, omwawuzi aliyeketi upande wa pili huchomeka mapigo yake katikati ya yale ya mwenzake, na omukoonezi hubaki na mbao mbili za sauti ya juu kabisa. Anayejifunza hapimwi kwa saa. Mwenzake anapoingia, ama anabaki katika mkondo wake ama anayumba, na akiyumba kila aliyepo anasikia.

Hata hivyo, mtoto wa piano hana omwawuzi nyumbani, na hapo ndipo wenye saa wanapopata nguvu. Nilipomweleza mama wa kijana yule kwamba daftari la dakika halina maana, alinijibu kwa upole, “Mwalimu, mimi noti sizijui. Saa ya ukutani ndiyo ninayoweza kuisoma.” Sikuwa na jibu la haraka. Kumwambia mtoto wa miaka 10 apige hadi pasiwe na kosa ni kumfanya yeye mwenyewe mwamuzi, na mwamuzi wa umri huo hupitisha mengi, hasa wenzake wanapoita kutoka uani.

Hoja yao ya pili ni nzito zaidi, nami niliichelewa. Katika mitihani ya gredi ya ABRSM, bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki, ambayo wanafunzi wetu wengi hujiandaa kuifanya, ule wa vitendo wenye sehemu zote, alama ni 150. Nyimbo tatu zina 90, skeli, yaani ngazi za noti zinazopanda na kushuka, zina 21, na kusoma noti kwa mara ya kwanza papo hapo kuna 21 nyingine. Kusoma papo hapo hakuwezi kutolewa kama kazi ya kurudia hadi kunyooka, kwa sababu ukishaurudia ukurasa si mara ya kwanza tena. Kunataka ukurasa mpya kila siku, makosa yapite, mkono usisimame. Kwa sehemu hiyo saa ndiyo kipimo cha haki, na mimi huiwekea dakika tano zisizo na mjadala. (Watoto wanaosoma shule za bweni, ambao piano yao inawasubiri hadi likizo, hawasaidiwi sana na upande wowote katika ubishi huu, na sioni haya kusema hivyo.)

Ninachokikataa ni dakika 30 kuwa ushahidi kwamba kazi imefanyika. Saa inafaa kumketisha mtoto, saa ileile kila jioni, kabla umeme haujakatika kwa wenye kibodi, haifai kumwinua. Kwa hiyo daftari limerudi katika nyumba ile ya Ntinda, ila safu ya dakika nimeifuta. Mama humwuliza mwanawe swali moja lisilohitaji noti, ni kipimo gani kimekusumbua leo, kisha humwambia akipige mbele yake. Juzi nilikuta ameandika kwa kalamu nyekundu: “Cha 14, mkono wa kulia. Amenuna kwanza, halafu kimetoka. Kesho anataka nisikie tena.”