Sera za Chama Gani?

Jamani, mwenzenu nina kazi isiyotamkika kwa mtu mwenye haraka. Mwalimu anasema mwalimu, yamekwisha. Fundi seremala anasema fundi, na hapo hapo anaanza kusimuliwa habari za mlango uliopinda. Mimi nikipanda bodaboda hapa Dodoma, kijana akiuliza "Bosi, kazi yako nini?" nikajibu "Mtafiti wa sera za mabadiliko ya tabianchi na kilimo," anapunguza mwendo na kugeuza shingo: "Sera za chama gani?" Nikimweleza kwamba sigombei hata ujumbe wa nyumba kumi, ananielewa kwa namna yake. "Aaah, kumbe wewe ni wa utabiri. Sasa kesho inanyesha?"

Mtaani nimeshafunguliwa tawi la hali ya hewa bila barua ya uteuzi. Jirani yangu kabla ya kuanika nguo alikuwa anapiga hodi kwanza. Siku moja nikamwambia kwa kujiamini, "Anika tu mama." Sare za watoto watatu zililowa. Siku hizi salamu yangu anaijibu kwa nusu mdomo.

Kazi yenyewe ni kuuliza watu maswali. Tunashuka kijijini Kongwa na vishikwambi, dodoso lina kurasa 38. Mzee mmoja nilikuwa hata sijavuta kigoda, akaniwahi: "Mvua andika zimepungua. Swali la pili andika ndiyo. La tatu, mbuzi 6. Mwenzako alikuja mwaka jana, mwingine mwaka juzi. Majibu ni yale yale, ila mbuzi walikuwa 9."

Nyumba ya pili nikamuuliza bibi kama anafahamu kuhusu mabadiliko ya tabia ya nchi. Akaguna. "Imebadilika tabia? Kwani inalelewa na nani?" Nikatafuta mahali pa kuandika jibu hilo kwenye kishikwambi. Kulikuwa na Ndiyo, Hapana, na Sijui.

Na Kongwa si mahali pa mtafiti kujitapa. Mwaka 1947 Waingereza waliingia hapa na mpango wa karanga, ekari zaidi ya milioni 3, na Kongwa ndiyo ikawa mwanzo. Walileta matrekta, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Ila kuchunguza mvua na udongo kwa makini hawakuwa na muda. Kiangazi kilipofika udongo ukakauka ukawa sakafu ya saruji, karanga hazing'oki, na mvua ikaja inapotaka yenyewe. Mwaka 1951 mpango ukazikwa, pauni zipatazo milioni 36 zimeshazama. Yule mzee wa mbuzi 6 habari hizo anazo kutoka kwa baba yake. Akanitazama juu mpaka chini: "Wale angalau walikuja na trekta. Wewe umekuja na nini?" Nikaangalia kishikwambi. Chaji asilimia 11.

Tukitoka kijijini tunaingia kwenye warsha, kule ambako ukame unajadiliwa kwa baridi ya kiyoyozi hadi watu wanavaa makoti. Ya mwisho, nusu siku nzima ilikwenda kwenye neno moja: tuseme ustahimilivu au uhimilivu? Mada yangu ikawekwa baada ya chakula cha mchana. Mnajua wenyewe, wadau wana pilau tumboni, vichwa vinainama ukadhani wanaafiki. Nikawakumbusha kwamba mwaka 2003 kule Maputo viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 10 ya bajeti kwa ajili ya kilimo. Mwaka 2014 wakarudia Malabo. Mwaka 2025 wakakutana Kampala kuandika ahadi za miaka 10 mingine. Mimi hilo silishangai, maana hata deni langu dukani kwa Mangi tunalitunza hivyo hivyo: daftari likijaa, tunanunua jingine. Nikauliza kama kuna swali. Mkono mmoja ukanyooka: "Fomu ya nauli tunasaini wapi?"

Basi nikaandika muhtasari wa sera, kurasa 4, una picha ya jua. Hoja yangu ilikuwa imenyooka. Dodoma inapata milimita 500 na kitu kwa mwaka, na mara nyingi mvua inakata katikati ya msimu, wakati mahindi ndiyo yanatoa mbelewele. Wakulima walime mtama na uwele. Nikaona haitapendeza kuhubiri watu wa mbali, nikampigia mama mkwe anayetusimamia ekari zetu 2 karibu na Kibaigwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

Nikamwaga somo lote. Akasikiliza hadi mwisho, ndiyo heshima ya mkwe. Halafu akasema, "Baba, mtama nimeulima kabla hujazaliwa. Kilichotushinda si mvua. Hao kwelea kwelea utawafukuza wewe?"

Nikasema ndiyo. Watafiti tuna ugonjwa huo, jibu linatoka kabla ya hesabu.

Kwenye kurasa zangu 4 hakuna hata unyoya. Mahindi yamevaa maganda yake, ndege anapita tu. Mtama umekaa wazi kama pilau ya harusi. Kwelea kwelea mmoja anakula kama gramu 10 kwa siku, ukisikia hivyo unaweza hata kumhurumia. Lakini haji mmoja. Anakuja na ukoo mzima, wingu linalopiga kelele.

Ndiyo maana Jumamosi moja ya mwezi wa tano, saa 12 asubuhi, mtafiti mzima nilikuwa juu ya dungu napiga debe. Chini akatokea kijana amevaa fulana ya mradi, kishikwambi mkononi. "Shikamoo mzee, tuna maswali machache, dakika chache tu." Dakika hizo nazijua, ni 55. Hata maswali niliyatambua, mengine nimeyatunga mwenyewe.

"Mkuu wa kaya ni nani?"

"Ni mimi," akajibu mama mkwe.

"Na huyu wa juu?"

"Mkwe wangu."

"Anafanya kazi gani?"

Nikakohoa kidogo, nikajiweka sawa. "Mtafiti wa se..." Wingu likashuka upande wa pili wa shamba. Nikaruka na debe langu, nikakimbia. Nyuma nikamsikia mama mkwe akisema taratibu, "Andika anaamia ndege."

Kijana hakuuliza mara mbili. Akaandika.