Chumba cha Pili si cha Mtoto

Wanandoa wengi wa Dar es Salaam wanaoishi chumba na sebule wana kauli moja: tukishahamia nyumba kubwa ndipo tutafute mtoto. Kauli yenyewe haina ubaya. Ila hiyo "kubwa" haijapimwa, kwa hiyo akiba nayo haina mwisho. Leo lengo ni vyumba viwili, mwakani ni vitatu vyenye fensi, mwaka mwingine mtu ameanza kuzungumzia kiwanja Chanika, na bado yuko palepale chumba na sebule.

Tuanze na mtoto mwenyewe. Mtoto mchanga hana kazi na chumba. Mwaka wa kwanza wote atalala chumba kimoja na mama yake, chini ya chandarua, na ataamka kunyonya usiku mara tatu au nne. Anachohitaji ni maji yasiyobebwa kwa ndoo, choo kisichochangiwa na kaya tano, madirisha yanayopitisha hewa, na jiko la mkaa lisilowashwa koridoni hatua mbili kutoka kitandani.

Anayehitaji chumba cha pili ni bibi yake. Kwa kawaida zetu mzazi hupata mtu wa kumkanda na kumpikia uji mpaka arobaini ipite: mama yake, shangazi, dada mkubwa. Sasa mama mkwe atalalaje kwenye kochi la sebuleni wiki sita, huku mkwewe akipita mbele yake na taulo kiunoni kwenda kuoga? Arobaini ikiisha na mama akikaribia kurudi kazini, anaingia dada wa kazi, naye ni binti wa watu, anahitaji mahali penye mlango wa kufunga. Chumba cha pili ni cha hao. Nyumba nzuri ya kuanzia familia, kwa hesabu yangu, ni ya vyumba viwili, choo na jiko ndani, bomba ndani, na mita ya umeme ya peke yako. Kusubiri chumba cha tatu kwa ajili ya mtoto wa kwanza ni kupoteza miaka. Na mama anayekwenda kujifungulia kwao, Tanga au Mbeya, hata hicho cha pili anaweza kukichelewesha mpaka siku dada atakapoletwa.

Ukienda kuangalia, chukua futi. Chumba cha futi 10 kwa 10, ambacho dalali atakisifu kwamba ni kikubwa mno, kikiingizwa kitanda cha 6 kwa 6 kinabakiwa na futi 4. Kabati la nguo linakula karibu 2. Zinazobaki ni futi 2, na hapo ndipo mtu atapita saa nane za usiku na mtoto mkononi. Mara nyingine dawa ni kubadili kitanda kiwe 5 kwa 6, jambo la bei nafuu kuliko kubadili nyumba.

Sasa pesa. Tuseme mnalipa laki moja kwa mwezi na nyumba mnayoitaka ni laki mbili na nusu. Mwenye nyumba wa Dar hataki kodi ya mwezi mmoja mmoja. Anataka miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka. Kwa hiyo kinachowashinda watu si 250,000, ni 1,500,000 ya siku moja. Juu yake dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, 250,000. Kirikuu (kigari kidogo cha mizigo) safari mbili na wabebaji, tenga 120,000. Vitasa vipya vya milango (usikubali kubaki na funguo za mpangaji aliyepita), mapazia, taa zilizofunguliwa na aliyehama, koki zinazovuja: 230,000. Jumla 2,100,000. Humo hamna kochi jipya. Kochi lina mfuko wake, na mfuko huo unasubiri.

Njia ninayoiamini ni kujilipa kodi ya nyumba mpya kabla hujaingia. Kila mwezi toeni 250,000 ile ile. Katika hiyo, 100,000 iende mfuko wa kodi ya sasa, maana nayo itadaiwa miezi sita ikitimia, na 150,000 iende mfuko wa kuhama. Miezi 14 mmefika. Ni mingi, lakini kwa miezi 14 mmeishi kama watu waliokwishahamia, na mnajua kama mnaiweza. Mkikwama mwezi wa tatu na kukimbilia mikopo ya kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kali, basi nyumba hiyo imewaonya mapema na bila gharama. Tafuteni ya bei ndogo zaidi, hata kama ni mtaa wa tatu kutoka barabara ya lami.

Kosa linaloharibu mpango huu ni kuchanganya mifuko miwili. Mtu anaweka 150,000 yake kwa uaminifu, kodi ya nyumba anayokaa inafika, anachota 600,000 humo humo. Hiyo ni miezi minne ya akiba iliyokwenda kwa siku moja, na baada ya hapo moyo wa kuweka haupo tena.

Mahali pa kuweka pana uzito sawa na kiasi. Pesa iliyo kwenye simu haina mlinzi: ukipigiwa usiku kuna msiba au mchango wa harusi, kidole kinafika kabla ya akili. Kibubu cha mbao kinavunjwa. Akaunti ya muda maalumu benki ni salama, ingawa riba yake inakatwa kodi ya asilimia 10 na pesa imefungwa mpaka tarehe. Kwa kazi hii napendelea Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali inayowekeza pesa za watu wengi kwa pamoja. Unanunua vipande, yaani sehemu ndogo za mfuko, kidogo kidogo, na ukiuza pesa inakuja benki baada ya siku kadhaa za kazi. Siku hizo kadhaa ndizo dawa yenyewe, kwa sababu dharura nyingi za watu wengine huwa zimekwisha kabla hela haijaingia.

Upatu nao unafaa, ila watu hawauhesabu sawasawa. Mchezo wa watu 10 kwa 150,000 unatoa 1,500,000, ambayo ni kodi ya miezi sita kamili, na hapo ndipo tamaa ya kupokea wa kwanza inapoingia. Anayepokea wa kwanza amekopa. Atahamia, halafu kwa miezi tisa ataendelea kumpelekea kijumbe, yaani msimamizi wa mchezo, 150,000 huku akijiwekea 250,000 ya kodi ijayo. Hiyo ni 400,000 kila mwezi, na hapo mimba haijaanza kudai kitu. Omba namba ya saba au ya nane. Ya mwisho kabisa nayo ina hatari yake, maana kufikia hapo waliokwishapokea wamechoka kuchanga na kijumbe ameanza kutopokea simu.

Kuna hesabu nyingine ambayo sijui kwa nini haizungumzwi: kodi na uzazi vinaweza kukutana siku moja. Mkihamia Januari mosi kwa kodi ya miezi sita, mnalipa tena Julai, kisha Januari. Mimba ikitunga mwanzoni mwa Aprili, mtoto anakuja mwishoni mwa Desemba au siku za mwanzo za Januari. Kwa hiyo wiki ya kujifungua ni wiki ya kutoa 1,500,000. Hamwezi kuipangia mimba tarehe, lakini kodi inapangika. Mkifika Julai, mwombeni mwenye nyumba malipo ya miezi tisa, au mitatu, ili zamu inayofuata isiangukie hapo. Wengi hukubali wakiombwa kabla ya muda na mtu asiye na deni.

Kipato nacho kinapungua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au 100 akipata zaidi ya mtoto mmoja, na baba anapata siku 3. Hiyo ni kwa mwenye ajira. Mama wa duka, saluni au genge hana wa kumlipa siku hizo, kwa hiyo kwa kaya hiyo akiba ya kuhama haitoshi bila miezi mitatu ya pato lake pembeni. Ningeahirisha kuhama kuliko kuhama bila pesa hiyo.

Kuhusu nyumba yenyewe, jambo la kwanza ni mita. Nyumba nyingi zina mita moja ya LUKU kwa familia tatu au nne. Mwenye matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, akiwa kwenye tarifu yake, yaani bei ya kundi lake, hupata uniti hizo kwa 9,150. Mkijumlishwa wanne kwenye mita moja mmeshavuka, mnahesabiwa kwa tarifu ya kawaida, na uniti 75 zile zile zinagharimu zaidi ya 26,000. Halafu tena mvutano: nani ana friji, nani anapiga pasi kila asubuhi. Mtoto akija nguo ni kila siku na maji ya moto ni kila saa, na ninyi ndio mtakaosemwa. Nyumba ya 220,000 yenye mita ya kuchangia yaweza kuwashinda kuliko ya 250,000 yenye mita yake. Ulizeni pia kama mita ina deni, kwa sababu deni la aliyepita hukatwa kwenye umeme mtakaonunua ninyi. Ile 1,500 inayokatwa kila mwezi tangu Julai 2023 kwa nyumba ya kawaida ni kodi ya jengo, mzigo wa mwenye nyumba kisheria. Kwa mwaka ni 18,000. Itajeni mapema kwenye mkataba, si mkiwa mmeshagombana.

Maji: msiulize kama yanatoka, fungueni koki. Nendeni jioni, na siku nyingine asubuhi, kisha mwulizeni jirani, si dalali, mgao wa DAWASA hapo ni wa siku gani. Pasipo tangi juu, simtanki ni gharama yenu, na ikumbukeni kabla ya kusaini. Tazameni ukuta kwa chini: rangi inayobanduka na chumvi nyeupe ni unyevu wa ardhini, na chumba hicho kitanuka ukungu mwaka mzima hata mkikipaka rangi. Mkiweza, tembeleeni mtaa wakati wa masika, Machi hadi Mei. Bonde la Msimbazi wanalijua wote, lakini kuna vijimto vingi vya Dar visivyo na jina ambavyo Oktoba ni njia ya miguu.

Madalali hutoza hela ya kuwapeleka kuona hata kama hamkuipenda nyumba. Kubalianeni kwamba inalipwa mara moja kwa nyumba zote, vinginevyo mtaonyeshwa nyumba mbovu saba. Kodi msimpe dalali mkononi. Iingie akaunti yenye jina la mwenye nyumba aliyesaini mkataba. Kama nyumba ni ya mirathi, mwenye haki ya kusaini ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, hata kama kaka mkubwa ndiye anayeishi uani na ndiye mwenye funguo. Familia hufukuzwa baada ya miezi miwili kwa kosa hilo moja, na risiti wanayo.

Hameni kabla mimba haijafika miezi saba, na ikiwezekana kabla haijatunga kabisa. Kisha kitu cha kwanza kununua si kitanda cha mtoto. Ni kitanda cha futi tatu na nusu, godoro, chandarua na feni kwa ajili ya kile chumba cha pili, viwepo kabla bibi hajapanda basi.