Nani Amefariki?

Juzi shemeji yangu kafika, kasimama mlangoni, kavua kofia, kisha kwa sauti ya chini akasema: "Poleni jamani. Amefariki lini?"

Hakuna aliyefariki. Nilikuwa nasikiliza kantri, ule muziki wa Marekani.

Ukipiga muziki wa kuruka majoka hakuna anayekuuliza hali yako. Lakini lile gitaa la kantri likianza tu kuvuta sauti yake, kama mlango uliokosa mafuta, kila mtu anageuka mshauri nasaha. "Una mawazo?" Sina mawazo. Nina vyombo vya kuosha, na vyombo vinaosheka vizuri zaidi mtu mwingine akikulalamikia.

Kijana wangu ndiye kiboko. Kwake kantri yote ni mke kaondoka, mbwa kafa, pikapu imegoma. Kuna utani wa siku nyingi kwamba ukiupiga wimbo kinyumenyume, mke anarudi, mbwa anafufuka na pikapu inawaka. Anautoa kila Jumapili, na kila Jumapili anacheka peke yake. Nikasema leo namkomesha. Nikakaa na daftari jioni nzima nahesabu mbwa. Sikupata hata mmoja! Nikamwita, kifua mbele. Akalichukua daftari, akasoma taratibu: "Wake walioondoka, 9. Walevi, 11. Walio gerezani, 4. Treni, 6. Mama mzazi... baba, hapa umeacha kuhesabu?" Akanirudishia.

Shemeji naye eti ni muziki wa Wazungu wa shamba. Hapo damu inanichemka. Banjo, ile ala ya nyuzi ya kantri, imetoka wapi? Waliitengeneza Waafrika waliopelekwa utumwani ng'ambo, wakizikumbuka ala za kwao. Kipindi cha redio cha Nashville kilichoanza 1925, hicho kinachoitwa Grand Ole Opry, mmoja wa nyota wake wa mwanzo alikuwa DeFord Bailey, mtu mweusi, na kinanda chake cha mdomo kiliiga treni mpaka unajipapasa mfukoni kutafuta tiketi. Mwaka 1941 wakamtimua. Nikamweleza shemeji yote hayo, nikamwongezea na Charley Pride, mweusi vilevile, aliyetwaa tuzo ya mtumbuizaji bora wa mwaka ya chama cha kantri 1971. Akanisikiliza kwa adabu. "Sawa shemeji. Sasa huyu anayeimba, analilia nini?"

Binti yangu naye anasema kantri ni ushamba, kisha anajifungia bafuni anapasua dari kwa "I Will Always Love You". Nikagonga mlango nikamwambia huo ni wimbo wa kantri, kautunga Dolly Parton, ukatoka 1974, Whitney Houston aliyeuvumisha akiwa bado kitoto. Bafuni kimya.

Kofia na buti, hayo nakubali, wanazidisha. Ila hawa waimbaji wa kantri hawana soni, na ndipo waliponinasa. Mwaka 1990 serikali ya Marekani ilimbana mmoja wao, Willie Nelson, kwa deni la kodi, zaidi ya dola milioni 16, ikamkamatia mali. Mimi nikidaiwa hela kidogo tu nazima simu. Yeye akatoa albamu ya kulipia deni, na jina la wakusanya kodi akaliweka pale pale kwenye jalada!

Jana nikamsimulia mama watoto kisa cha mwimbaji mwingine wa kantri, George Jones, alichokieleza mwenyewe. Mkewe alificha funguo za magari yote asiende kulewa. Jamaa akachungulia dirishani, akaona mashine ya kukata nyasi, ile ya kukalia. Akaipanda, akaenda nayo polepole mpaka duka la pombe.

Kwa mara ya kwanza tangu tuoane, mama watoto kanisikiliza mpaka mwisho. Akatulia kidogo, akauliza: "Huyo dada, hizo funguo alizificha wapi?"

Leo tangu asubuhi natafuta spika yangu.