Sabuni Iko Ofisini

Wiki iliyopita tuliitwa shuleni kwa mwanangu, kikao cha wazazi. Nilifika mapema nikakaa chini ya mwarobaini ulio karibu na vyoo. Kengele ya mapumziko ikalia, watoto wakatoka mbio. Wakaingia chooni, wakatoka, wakanyoosha moja kwa moja kwa mama wa mihogo pale getini. Nilihesabu hadi arobaini nikaacha. Hakuna aliyenawa.

Ukutani pameandikwa kwa rangi ya bluu: NAWA MIKONO KWA SABUNI NA MAJI TIRIRIKA. Chini yake kuna ndoo ya koki. Nikafunua mfuniko, ndani buibui ametanda. Nikamwita binti yangu, yuko darasa la tatu, nikamuuliza mbona hanawi.

"Mama, sabuni iko ofisini. Inatolewa wageni wakija."

Jibu hilo limeninyima usingizi.

Kikaoni mzazi mmoja akasimama, akasema watoto wa siku hizi hawasikii, wafundishwe usafi zaidi. Wafundishwe nini tena? Wangu anaimba hatua zote za kunawa, mpaka kucha na katikati ya vidole. Kipindupindu anakijua, minyoo anaijua. Mtoto ananawa maji yakiwa njiani mwake na sabuni ikiwa hapo hapo, basi. Bomba liko nyuma ya nyumba ya mwalimu mkuu, mapumziko ni mafupi, na foleni ya mihogo haimsubiri mtu. Nani angekwenda?

Kumbukeni 2020, wakati wa korona. Shule za msingi zilipofunguliwa hapa Tanzania tarehe 29 Juni, ndoo na sabuni zilikuwa getini na mwalimu wa zamu amesimama pembeni. Kaka yake huyu binti alinawa kila siku, akija nyumbani anatuzuia kugusa ugali mpaka tunawe wote. Ndoo zikaondoka, tabia ikaondoka nazo. Mtoto ni yule yule.

Bangladesh walilijaribu hili kwenye shule mbili za vijijini, matokeo yakachapishwa 2016. Walijenga sehemu ya kunawia, wakapaka rangi njia ya kutoka chooni, wakachora nyayo na viganja. Somo la usafi hawakuongeza hata moja. Waliokuwa wakinawa kwa sabuni baada ya kutoka chooni walikuwa asilimia 4. Wiki sita baadaye, asilimia 74. Kwa rangi na nyayo!

Haya, nakubali sabuni inaibwa. Kipande kikiwekwa wazi saa nne, saa sita hakipo, na walimu wamechoka kutoa mfukoni mwao, hasa tangu ada ifutwe na madarasa yafurike kuanzia 2016. Lakini koroga sabuni ya unga kwenye chupa ya maji, toboa kifuniko, ifunge kwa kamba. Nani ataiba maji ya povu? Kibuyu chirizi cha kunawia nacho ni dumu la lita tano, kamba na kijiti cha kukanyagia, na watoto wanagombania kukanyaga. Na walimu wanawe hapo hapo, watoto wawaone.

Niliposimama kuyasema haya, mwenyekiti akasema ajenda ni madawati. Sawa. Jumamosi nakwenda na madumu mawili, mwalimu wa zamu amekubali kunifungulia geti. Binti yangu ameshachagua rangi ya nyayo, njano, na anataka zipimwe kwa mguu wake.