Najisimulia Barabarani, Shangazi Anajibu

Waendesha pikipiki wa hapa Tanga niliowaeleza habari ya kuendesha huku mtu akijisimulia kwa sauti walinitazama kwa huruma, na mmoja wao akaniuliza kwa upole kama nyumbani wanajua. Hata hivyo jambo lenyewe si la kiwendawazimu. Askari polisi wa Uingereza wanaosomea udereva wa kiwango cha juu hufundishwa kutaja kwa sauti wanachokiona, wasichoweza kukiona, na kinachoweza kuzuka kutokana na hayo mawili. Wafanyakazi wa reli wa Japani nao huielekezea taa kidole na kuitamka hali yake, na jaribio la taasisi yao ya utafiti wa reli, lililofanywa katika miaka ya 1990, lilionyesha kwamba makosa katika kazi nyepesi yalishuka kutoka 2.38 hadi 0.38 kwa kila vitendo 100 pale mtu alipoonyesha kwa kidole na kutamka. Sababu yake inaeleweka, kwani jicho huweza kupita juu ya bajaji nzima bila akili kuwa na habari, lakini mdomo hauwezi kusema "bajaji" mpaka akili iwe imekwisha kuiona. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa pikipiki hula karibu mita 17 kila sekunde, na mtu aliyezama katika mawazo ya madeni yake anaweza kuzimaliza mita hizo nyingi sana bila kujua amepita wapi.

Kwa hiyo nikajizoeza, na kwa kuwa Tanga ni mji wa baiskeli sikuwahi kukosa la kusema. "Mwenye baiskeli kushoto, amepakia mkaa, hajageuka nyuma. Daladala imesimama, siioni miguu ya watu upande wa pili, huenda mtoto akachomoka. Kioo cha kulia, Fuso linakuja, liache lipite." Ndani ya kofia ngumu maneno hayo hayamfikii mtu yeyote, na kusema kweli nilianza kuona mambo ambayo zamani niliyapita kama kipofu.

Tatizo ni kwamba mbinu hii ilibuniwa na watu ambao kwao mtu akisema peke yake huachwa aseme. Pwani hatuna ustaarabu wa namna hiyo. Neno likishatoka kinywani lazima lijibiwe, na asiyejibu huhesabiwa kuwa amenuna.

Nilipewa kazi ya kumpeleka shangazi yangu Muheza, mwendo wa kilomita 30 na ushei, ambako upande wetu ulikuwa na posa na yeye ndiye aliyekuwa msemaji. Alivaa kofia ngumu juu ya ushungi, akakubali kukaa mkao wa kiume baada ya mabishano marefu, akaweka kikapu cha visheti kati yake na mgongo wangu, tukaondoka. Hatujafika Pongwe nikasema, kama kawaida yangu, "Mama kulia, ana ndoo kichwani, anataka kuvuka."

"Mama gani?" akauliza shangazi. "Na wewe unampita bila hata salamu?" Akanyoosha shingo, akamwamkia yule mama kwa sauti iliyomfanya ashike ndoo kwa mikono miwili.

Nikamweleza, kwa kupiga kelele juu ya upepo, kwamba sisemi naye wala simsemi mtu, bali najikumbusha. Alinyamaza kidogo. Kisha nikahisi kiganja chake juu ya bega langu na nikasikia Ayatul Kursi ikisomwa taratibu nyuma ya kisogo, kwani alikwisha kuamua kwamba niliyekuwa nikizungumza naye hakuwa wa ulimwengu huu.

Aliponiona simwagi povu alitulia, akanogewa. Katikati ya mashamba ya mkonge, ambapo barabara imenyooka na hakuna cha kutaja, yeye ndiye aliyetaja. "Mbuzi watatu. Mmoja ana mimba." Nilipotamka "lori mbele, sioni nyuma yake", alinijibu, "Hata mimi sioni, mwanangu, lakini Mungu anaona." Nilipotamka "shimo kushoto", alinyoosha mkono wote kulionyesha, kama Mjapani wa reli, na pikipiki ikayumba, maana abiria akiinamia upande mmoja chombo hufuata uzito. Nikamwomba asinyooshe mkono. Akasema mkono ni wake.

Tukakaribia Muheza. Nilikisoma kibao cha mwendo kwa sauti, "Hamsini", nikatazama saa ya mwendo nikasema, "Hamsini na tano, punguza", nikapunguza. Mbele yetu daladala iliwasha indiketa ikajitupa kituoni, na kwa kuwa nilikwisha kuitaja tangu ikiwa mbali nilikuwa nimeshika breki mapema kabisa, mwendo ukawa wa mtu anayetembea. Hadi hapo mbinu ilikuwa imefanya kazi yake yote. Kilichobaki kilikuwa kumalizia kutaja yaliyopo. Pembeni, mbele ya mwanamke aliyekaa chini ya mwavuli, palikuwa na machungwa yaliyopangwa kwa mafungu, na nyuma yake rundo kubwa lisilopangwa bado.

"Machungwa kushoto," nikasema.

"Bei gani?" akasema shangazi, akainama mzima mzima upande huo huku kidole kimenyooka.

Kila anayefundisha pikipiki husema kwamba chombo huenda kule yanakotazama macho, na kwa hiyo mtu atazame njia ya kutokea, asitazame kile anachokihofia. Mimi niliyatazama machungwa. Nikawa nayataja pia, "machungwa, machungwa, machungwa", na kadiri nilivyoyataja ndivyo tulivyoyaendea, tukapita katikati ya mafungu kwa heshima zote na kulala ubavu juu ya lile rundo. Shangazi aliteremka kama aliyefika kituoni kwake. Mimi nilibaki chini, mguu ukiwa umebanwa na pikipiki, nikiyaona machungwa yakivuka barabara moja moja bila kutazama kulia wala kushoto.

Askari wa barabarani hakuwa mbali. Alitaka kujua ilivyokuwa, nami sikuwa nimepata pumzi, kwa hiyo shangazi akatoa ushahidi. Sidhani kama kuna mahakama katika nchi hii iliyowahi kupata shahidi wa aina ile. Alimwanzia askari kwa mama mwenye ndoo, akampitisha kwa mbuzi mwenye mimba, akamtajia rangi ya lile lori na upande lilikotokea, akafika kwenye daladala.

"Mwendo wake ulikuwaje, mama?" askari akauliza, kalamu tayari.

"Hamsini na tano, baba. Kasema mwenyewe."

"Na kibao alikiona?"

"Alikisoma kwa sauti, hamsini. Huyu ana kisomo, mashallah."

Nikajaribu kueleza kwamba nilipunguza papo hapo, na kwamba kule kutamka ndiko kulikonifanya nipunguze. Askari aliniuliza nilikuwa nikitamka kwa nani. Nikasema kwa nafsi yangu. Akanusa hewa karibu na mdomo wangu, hakupata kitu, akaandika faini kwa hati nzuri sana.

Mwenye machungwa alidai bei ya rundo zima. Shangazi aliliinamia, akayabonyeza moja moja, akayatenga yaliyopasuka na yasiyopasuka, akapatana naye bei ya jumla kwa yale ya kwanza tu, na pesa nikatoa mimi. Tulifika kwenye posa tukiwa tumechelewa, mimi nikichechemea, yeye akiwa na kiroba cha machungwa yanayochuruzika, akawakabidhi wenyeji akisema kwamba upande wa bwana arusi umeona si vyema kuja na visheti vitupu.