Tuta la nyasi au ukuta wa zege?

Mwaka 2017 nyumba nyingi zilivunjwa kati ya Kimara na Kibaha kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro kuwa njia nane, kilomita 19.2. Mjini, kila mita ya pembeni ina mwenyewe. Kwa hiyo, barabara iliyoinuka inapopanuliwa, kuishikilia pembeni kwa tuta la udongo lililosimama wima kiasi badala ya ukuta wa zege, uso wake ukapandwa nyasi, si jambo la kupuuzwa.

Tuta la kawaida lenye kimo cha mita 6, likishushwa kwa mlalo wa mita mbili kwa kila mita moja ya kimo, linameza mita 12 za ardhi. Likijengwa kwa nyuzi 70, linameza mita 2.2 hivi. Mita zinazobaki zinatosha kunusuru nyumba ya mtu.

Udongo peke yake hausimami hivyo. Kila nusu mita au karibu na hapo hutandazwa jiogridi, yaani wavu wa plastiki ngumu, kisha kifusi hushindiliwa juu yake. Ardhi ikititia kidogo, tuta hujinyumbua pale ambapo ukuta wa zege ungepasuka. Nalo halihitaji msitu wa nondo.

Lakini ukuta hauombi maji. Uso uliosimama hivyo haupati mvua ya kutosha, na kiangazi cha Dar es Salaam, Juni hadi Septemba, huua nyasi changa. Zikifa, jua linaanza kuula wavu. Vetiva, aina ya nyasi ambayo mizizi yake huweza kushuka hata mita tatu, inafaa, ila ipandwe masika yanapoanza.

Hofu yangu kubwa iko chini ya lami. Nyavu hizo huingia ndani kwa takriban asilimia 70 ya kimo, zaidi ya mita 4 kwa tuta letu. Maana yake barabara ya zamani ichimbwe huku daladala zikipita. Baadaye anakuja fundi wa bomba la maji au wa mkongo wa mawasiliano, anakata mtaro sambamba na ukingo, na kila wavu wa juu aliokutana nao ameukata bila kujua. Ukuta wa zege wenye msingi mpana nao huumizwa na uchimbaji holela, lakini angalau fundi anausikia sururu inapogonga.

Bado naliunga mkono tuta la nyasi, kwa masharti mawili: mabomba na nyaya zihamishwe kabla udongo haujamwagwa, na mkataba umlipe mkandarasi kumwagilia kwa viangazi viwili.