Mwonekano Mmoja, Madirisha Mengi

Mtayarishaji wa programu za kompyuta ya mezani anapojichorea mwonekano, yaani sehemu ya kiolesura inayoonekana kwenye dirisha, tuseme kisanduku cha kuchagulia tarehe, hufika siku dirisha la pili likahitaji kisanduku cha namna hiyo, naye akalazimika kuamua kama atatumia kilekile au ataandika kingine.

Hoja ya kutumia upya ina uzito kuliko inavyodhaniwa, na uzito huo hautokani na kupunguza mistari ya msimbo. Mwonekano uliochorwa kwa mkono haupati bure yale ambayo vitufe vya mfumo huja nayo: kupokea amri za kibodi, kujieleza kwa kisoma skrini, kufuata hali ya giza. Apple ilipoleta hali ya giza katika macOS 10.14 mwaka 2018, mionekano iliyopewa rangi zisizobadilika ilihitaji marekebisho. Mwenye nakala moja alirekebisha mara moja, ilhali mwenye nakala tano zilizotawanyika alipaswa kwanza kuzitafuta. Kwa mtumiaji asiyeona, nakala iliyosahaulika inaweza kulifanya dirisha zima lisitumike, na hilo pekee linanitosha kuegemea upande huu.

Wanaopinga, hata hivyo, hawasemi ovyo. Mwonekano ulioanza na kazi moja huongezewa swichi, yaani chaguo za kuwasha au kuzima sehemu zake, kidogo kidogo, kwa kuwa dirisha hili halitaki kitufe cha kufuta na lile linataka maandishi yasiyoharirika. Swichi nne tu za ndiyo na hapana huzaa michanganyiko 16, ambayo ni nadra yote kujaribiwa, na kila badiliko kwa ajili ya dirisha moja huhatarisha mengine. Hapo nakala mbili fupi zina nafuu.

Ninavyoona, kinacholeta tatizo hilo mara nyingi ni mwonekano kujua mno: unasoma hifadhidata wenyewe, au unajua uko katika dirisha gani. Kipimo kizuri ni jedwali. Tangu Mac OS X 10.7 ya mwaka 2011, NSTableView, kijenzi cha Apple cha kuonyesha majedwali, huweza kuuchukua mwonekano wa safu mlalo iliyotoka nje ya skrini na kuupa data ya safu inayoingia. Mwonekano uliojiwekea kumbukumbu zake huonyesha picha ya safu ya zamani kwenye jina jipya. Mwonekano unaopita mtihani huo bila kosa, kwa kuwa hupokea kila kitu kutoka nje, ningeuhamishia dirisha lolote bila wasiwasi. Unaoshindwa ningeuacha ulipo hadi utenganishwe na data yake.